Sauti Nene ya Fundi Mluzi

Fundi sofa wa kiwanja kile alijaliwa vitu viwili ambavyo hata wakubwa walishindwa kuvitoza kodi: kumbukumbu ndefu na sauti nyembamba. Kumbukumbu ilishika kila ahadi iliyotamkwa pale na kila mvaa tai aliyewahi kupita akiziba pua kwa harufu ya gundi. Sauti ilitoka kama upepo unaopenya kwenye tundu la ufunguo. Wenzake wakamwita Mluzi. Akaitika, maana alikwishajua kwamba jina la utani ukilikataa ndipo linaponenepa.

Kiwanja chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo la ofisi za mji. Hapo walifanya kazi yeye na fremu zake za sofa, mchomeleaji mwanamke waliyemwita Cheche, fundi bati, na fundi viatu aliyekuwa mzee kuliko kiatu chochote alichowahi kukishona. Asubuhi moja wakakuta tangazo langoni: kiwanja kitamwagwa lami, kiwe maegesho ya magari ya maofisa. Magari, jamani! Binadamu atoke kivulini ili gari lisichomwe na jua. Na sababu ikaandikwa bila haya wala soni: hakuna mtu aliyewahi kukabidhiwa kiwanja kile.

Hapo Mluzi akapandwa na mori. Yeye alikuwepo. Afisa aliyetangulia alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akatamka mbele ya watu, "Hapa ni penu, fanyeni kazi." Karatasi hakutoa. Ndivyo ilivyo siku zote: mnyonge hupewa kwa mdomo, akanyang'anywa kwa karatasi, kisha akaulizwa kwa nini hakutunza mdomo kwenye faili.

"Kwa hiyo shahidi ni wewe?" mkewe akamuuliza jioni ile, akimkatia kitambaa cha mito.

"Shahidi ni mimi."

"Basi tufungashe, baba watoto. Nani atakusikia?"

Mkewe alitania, lakini utani ule ulimchoma, kwa kuwa ulikuwa na ukweli ndani yake. Mkutano uliopita Mluzi alisimama kusema, na kabla hajamaliza salamu, mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Fungeni dirisha, upepo unaingia!" Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akafuta miwani, akaenda kwenye ajenda inayofuata. Mluzi angeweza kukwambia aliyecheka alikuwa amevaa viatu gani. Safari hii afisa alikuwa anakuja kiwanjani penyewe "kupokea maoni", na sisi tunayajua maoni yao: mwenye kipaza sauti ndiye mwenye maoni, wengine wana mashavu ya kushikia tama.

Kesho yake akawasha kigari chake cha kubebea sofa, akaenda kwa mpwa wake.

Mpwa huyo, binti wa dada yake, alifunga redio kwenye magari, na mtaa mzima ulimwita Radi. Hakuwa na bango la kazi. Bango la nini, wakati gari lake likiwa bado kona ya pili madirisha yanaanza kugonga meno?

"Mjomba! Leo umepotea njia?" Radi akachomoza kutoka chini ya dashibodi, waya mdomoni. "Nikufungie muziki gani? Wa kuwabembelezea wateja walale kwenye sofa?"

"Muziki sitaki. Nataka kusikika."

"Kusikika na nani?"

"Na afisa. Na wakubwa wenzake. Na aliyesema nifungiwe dirisha." Akaonyesha sabufa mbili zilizokuwa sakafuni, pana kama sinia za kulia watu wanne. "Nataka hizo. Niseme neno moja, mtu alisikie tumboni."

Radi akatema waya. "Mjomba, sabufa hazisemi. Sabufa zinanguruma. Maneno yanatoka kwenye spika ndogo. Nitakufungia zote, tuelewane."

"Wewe fanya kunguruma kwanza."

Wakaanza kazi, na ni lazima tuseme haki, ilikuwa kazi ya kupendeza. Sanduku la sabufa ni mbao nene, misumari ya kuzungusha na gundi kila kiungo, kwa sababu upenyo mdogo tu ukibaki, besi inatoroka kama mdaiwa. Kiunzi ni kazi ya fundi sofa. Mluzi alipima, akakata, akapiga randa, akaziba, hata Radi akaacha kumtania akabaki kutazama. Waya nene kama kidole ukavutwa kutoka betri hadi amplifaya chini ya kiti. Betri ya pili ikawekwa, maana ya kwanza peke yake ingezimia. Spika ndogo mbili za maneno zikafungwa juu ya sanduku, zikitazama nje. Mwisho Radi akaongeza kidude chenye kitufe cha kunenepesha sauti ya msemaji aliyezoea kupiga mluzi, iteremke hadi ghorofa ya chini.

"Haya, jaribu. Vioo vifunge, kipaza sauti kisipige kelele."

Mluzi akaingia, akafunga vioo, akakohoa. "Ndugu zangu, mimi nilikuwepo!"

Nje, spana zikacheza juu ya meza. Kila neno likasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Lakini juu ya ule mngurumo, kupitia zile spika ndogo, ukapita uzi mwembamba wa sauti yake mwenyewe, sasa mrefu kuliko mlingoti.

Mkewe, aliyekuja kuona fedha za nyumba zinaishia wapi, akajishika kiuno. "Ama kweli! Zamani ulikuwa mluzi wa mlangoni, sasa umekuwa mluzi wa garimoshi!"

Radi alijaribu kutocheka, akashindwa. Mluzi alizitazama zile spika ndogo kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemuumbua ukweni.

Alfajiri ya siku ya mkutano, Radi akiwa kwake bado, Mluzi alifanya jambo ambalo hakuna fundi wa redio duniani angelifanya, na hakuna fundi sofa angejizuia kulifanya. Alichukua sponji nene, ile ya viti vya daraja la kwanza, akazifunika zile spika ndogo. Juu ya sponji akavuta ngozi bandia nyekundu, akaikaza, akapiga vifungo vitano vya kupendeza. Sanduku likawa kama kochi la mfalme. Akaingia ndani, akafunga vioo, akasema neno. Kifua chake kikatetemeka, kiti kikatetemeka, na maneno aliyasikia yote vizuri sana, kwa sababu mdomo wake na masikio yake havikuwa mbali. Ule uzi mwembamba ukawa haupo tena. Akatabasamu hadi jino la nyuma.

Afisa alifika jua likiwa limepanda, pamoja na karani na kipaza sauti cha mkononi. Akawekewa meza na bilauri ya maji. Mafundi wakakusanyika na wateja wao, na majirani waliosikia kwamba Mluzi ameunda kitu wakaja kuhakikisha hawakosi kucheka.

"Ofisi imepekua faili zote," afisa akasema. "Hakuna palipoandikwa kwamba kiwanja hiki mlipewa. Kama kuna mwenye maoni, aseme, tumalize mapema."

Kigari cha Mluzi kilikuwa kimeegeshwa kando, kisogo kikielekea meza. Milango ya nyuma ikafunguliwa na Radi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika. Akaona vifungo vitano. Akaweka mkono kichwani.

"Mjomba, umefanya nini? Mjomba!"

Lakini vioo vilikuwa vimefungwa, na mjomba alikwishakohoa.

Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa VUUUUM, VU-VUM, VUUUM, kama jabali linapoumwa tumbo. Mabati ya fundi bati yakaporomoka yote kwa pamoja. Bilauri ya afisa ikaanza safari kuelekea ukingo wa meza, naye akaikamata. Miwani ikamshuka puani. Akainua kipaza sauti chake akanena kitu, nacho kikamezwa kizima kizima. Mbwa wa jirani akaamua kuhama.

"Anasemaje?" Cheche akamfokea mke wa Mluzi sikioni.

"Nitajuaje? Atakuwa anasema yale yale!"

Na hapo, kwa mzaha tu, mama yule akasimama juu ya kigoda, akainua kidole kama mumewe anavyokiinua, akasubiri mngurumo upungue kidogo, akapaza sauti: "'Ndugu zangu, mimi nilikuwepo!'"

Watu wakaangua kicheko. Gari likanguruma tena. Fundi viatu akadakia, "'Msidhani nimesahau, mimi sisahau!'" VUUUM. "'Mnyonge hupewa kwa mdomo!'" likaitikia kundi zima, maana nani pale hakuwahi kukaa kwenye kochi ambalo halijakwisha akisubiri mto wake huku akisomewa hotuba ile? Waliijua kuliko majina ya watoto wao. Mluzi akinguruma, wao wanajaza. Akipumua, wao wanamalizia. Ndani ya vioo, yeye aliona midomo ikienda na vidole vikiinuka, akajua kwamba hatimaye umma umeamka. Machozi yakamlenga. Akashusha kipaza sauti ili ajifute macho.

Na katika kimya kile kifupi akamsikia Cheche, sauti ya mwanamke aliyezoea kushindana na mashine: "'Afisa akaketi juu ya pipa, akasema, Hapa ni penu!'"

Pipa?

Mtu mwenye kumbukumbu ndefu anaweza kuvumilia njaa, dharau na mvua ya paa bovu. Pipa hawezi. Mluzi alitupa kipaza sauti, akafungua mlango nusura aung'oe.

"Pipa gani?" akapiga kelele kwa ile sauti yake ya tundu la ufunguo. "Nani kasema pipa? Aliketi kwenye sofa yangu! Sofa ya kwanza niliyotengeneza hapa, ya kijani, haijawekwa mgongo!"

"Ilikuwa pipa, bwana, nakumbuka alilifuta kwa leso," Cheche akamjibu.

"Leso alifutia viatu," fundi viatu akaingilia, "na viatu vyenyewe mimi ndiye niliyevitoa tope. Kulinyesha asubuhi. Mluzi yuko sahihi, ni sofa. Na haikuwa kijani, ilikuwa ya bluu."

"Kijani!"

"Bluu, wewe! Unatufundisha rangi?"

"Nyinyi wanaume nyamazeni," mke wa Mluzi akawakata. "Rangi hamuijui hata mmoja, na la maana hamlisemi kwa aibu ya bure. Sofa ilikuwa na springi imechomoza, kwa sababu huyu baba alikuwa bado anajifunza kazi. Mkubwa wa watu akainuka, suruali ikabaki nyuma. Ikachanika hapa mpaka hapa. Nani aliyemshonea akiwa amesimama nyuma ya mlango wa fundi bati? Mimi. Kwa uzi mweupe, mweusi ulikuwa umekwisha."

Kiwanja kikalipuka. Fundi viatu akakaa chini kwa kucheka. Hata karani akainamisha uso. Mluzi peke yake alisimama amekunja mikono, kwa sababu ile springi aliiacha nje ya hotuba tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameapa itabaki nje.

Afisa hakucheka. Alikuwa ameduwaa, bilauri mkononi.

"Kumbe ilikuwa hapa?" akasema. "Mzee wetu aliyenitangulia alitusimulia hiyo suruali mpaka siku anastaafu. Alirudi ofisini amejifunika faili kwa nyuma, akitoka kuwagawia mafundi..."

Akauma ulimi. Lakini neno likishatoka ni kama besi kwenye sanduku lenye upenyo.

Kicheko kikakatika. Watu wote wakageuza vichwa kumtazama.

"Akitoka kuwagawia mafundi nini, mheshimiwa?" Radi akauliza kwa upole, kama muuguzi.

Afisa alimtazama karani. Karani akaitazama ncha ya kalamu yake. Hakuna aliyemsaidia, maana wakubwa wakikwama, msaada wao huwa uko mkutanoni kwingine.

"Kiwanja," akasema hatimaye, kwa sauti nyembamba ambayo hata Mluzi aliionea huruma. Akaweka bilauri chini. "Suala la maegesho tuliache kwanza. Karani, andika. Andika kwamba wapo watu waliokuwepo." Akamgeukia Mluzi. "Na wewe mzee, ukumbuke yote, hata ya springi. Nisimulie tangu mwanzo. Usirukeruke, na lile gari lizime."

Wakamletea afisa kigoda. Kabla hajakaa akakipapasa kwa kiganja, juu na chini, taratibu.

Mluzi akavuta pumzi, akainua kidole.

"Ndugu zangu," akaanza, "mimi nilikuwepo."

Kiwanja kizima kikaguna, wakaanza kutafuta pa kukaa.