Samli kwenye Waya wa Kioo

Ilikuwa mwaka 1994, wakati wa kipupwe, ngano ya uwanda wa Hanang ikiwa imekauka tayari kwa kuvunwa. Nilikuwa fundi wa simu na mitambo midogo katika mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali. Mume wangu, Bura, alifanya kazi katika shimo la kupokelea ngano, mahali ambapo malori humwaga mzigo na parafujo kubwa ya chuma huusukuma hadi ghalani.

Katika mavuno yaliyotangulia, parafujo hiyo iliwashwa Bura akiwa bado shimoni akiondoa mabua. Alitoka mzima, kiatu chake kimoja hakikutoka. Nicodemo, aliyeiwasha, hakuwa amemwona, kwa sababu chumba cha swichi kilikuwa upande wa pili wa ghala. Tangu siku hiyo, kila nilipomfungia Bura chakula cha mchana, macho yangu yalishuka kwenye viatu vyake.

Kwa hiyo nilifurahi sana ilipoletwa kamera. Ilifungwa juu ya shimo, na picha yake ilitakiwa kufika kwenye televisheni iliyowekwa mbele ya Nicodemo. Waya wa shaba wa simu tuliokuwa nao zamani uliunguzwa na radi, basi safari hii tulipewa waya wa kioo: uzi mwembamba kama unywele, uliovikwa ganda la plastiki, unaopitisha mwanga badala ya umeme. Kisanduku cha shimoni hugeuza picha kuwa mwanga. Cha chumbani huugeuza mwanga kuwa picha tena. Malori yalitarajiwa Jumatatu, na meneja alikuwa amekwisha kusema kwamba, picha iwepo isiwepo, parafujo itazunguka.

Jumamosi televisheni ilionyesha chenga tupu.

"Mama fundi," Nicodemo akaniambia, "mimi hapa naona mvua ya mawe. Bura simwoni."

"Utamwona. Usiguse kitu."

Nilianza na kamera yenyewe: niliiunganisha kwa waya mfupi na televisheni ndogo palepale shimoni, picha ikatokea. Taa za visanduku vyote viwili ziliwaka. Uliobaki ni waya. Nikazima visanduku, nikachomoa ncha zake mbili, nikamulika tochi katika ncha ya shimoni ili Nicodemo atazame katika ncha ya chumbani. Bura alisimama kwenye kona ya ghala kutupokezea maneno.

"Anasema anaona nukta hafifu," Bura akapaza sauti, "kama jicho la paka mgonjwa!"

"Mwambie sikumuuliza habari za paka!"

Nikaitazama ncha kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa imejaa vumbi la ngano. Nikaipangusa taratibu kwa spiriti na kitambaa laini, nikaenda kuipangusa na ile ya pili, kisha nikarudishia kila kitu. Picha ikasimama, safi.

Baba mkwe wangu, Mzee Qamara, alikuwa amekuja kutoka Bashay kutusalimu, naye aliketi juu ya gunia akinitazama muda wote. Alipoingia chumba cha swichi, alimwona mwanawe ndani ya televisheni.

"Huyu ndiye Bura? Mbona amekuwa mdogo hivi? Genoveva, humpi chakula?"

"Anakula, Baba. Anakula hata cha kwangu."

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilipita kuhakikisha. Chenga! Nikarudia vipimo vyote kwa utaratibu uleule, hadi nikaifikia tena ncha ya shimoni. Ilikuwa inang'aa, na kidole kiliteleza juu yake. Nikanusa. Ilikuwa samli, tena samli ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Kibuyu cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu pale shambani, nacho kilining'inia begani mwa baba mkwe wangu.

Mke hamkaripii baba mkwe wake. Nikaenda nyumbani, nikapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona leo unaniamkia mara mbili?"

"Baba, ule waya wa shimoni umepakwa samli."

"Ndiyo!" akajibu kwa furaha. "Nimeuchomoa kama ulivyofanya wewe, nikaupaka, nikaurudisha. Kila kitu kipya kinachoingia kwetu nakipaka: jembe, mlango, ndama. Huyu Bura nilimpaka utosini siku aliyozaliwa. Jana nilikuona unakifuta kile kichwa cha waya kama mtu anayemfuta mtoto mchanga, nikajua kwamba hapo ndipo uhai wake ulipo."

Bura alicheka hadi akashika nguzo ya mlango.

"Wewe unacheka nini?" baba yake akamgeukia. "Kiatu kilicholiwa mwaka jana kilikuwa changu?"

"Baba," nikasema, "kile si kichwa, ni jicho. Likitiwa samli, halioni."

Mzee alikishusha kibuyu chake begani.

"Basi nimewafumba macho wanaomlinda mwanangu?"

"Hapana, Baba. Malori hayajaja."

"Kaufute. Lakini ujue unaifuta baraka yangu, na samli yenyewe imekwisha. Ninakudai."

"Nitalipa, Baba."

Akanifuata hadi shimoni. Nilipomaliza kupangusa na kufunga, nilimwonyesha mfuniko wa kisanduku, kwa nje. Akakikwangua kibuyu kwa kidole, akaupaka mabaki yote yaliyopatikana.

Jumatatu lori la kwanza lilimwaga ngano. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Nicodemo, mkono wake ukiwa tayari kwenye swichi, ndipo kofia ikainuka kutoka shimoni katika televisheni. Akauondoa mkono haraka.

"Yumo!"

Tukangoja. Bura, aliyekuwa ameshuka kuondoa mabua, akapanda ngazi, akasimama mbele ya kamera, akainua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, ili nivione viatu vyote viwili. Nicodemo alicheka. Mimi nilijifuta macho kwa ncha ya kitenge, nikamwambia awashe.

Mavuno yalipokwisha, nilipanda basi kwenda Bashay na kibuyu cha samli niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Mzee Qamara alikifungua, akaonja.

"Umeiunguza kidogo."

"Ndiyo, Baba."

"Deni limekwisha," akasema. Kisha akachovya kidole, akaniambia niinamishe kichwa, akanipaka utosini.