Siku Mama Alipopakwa Floraidi

Mama mmoja fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, na binti yake wa pekee, muuguzi wa kliniki ya meno, hakuwahi kushinda mabishano naye tangu azaliwe.

Tangu mama aanzishiwe vidonge vya shinikizo la damu, mdomo ulikuwa unamkauka. Akawa anashona kutwa huku peremende ikizunguka shavuni. Siku moja binti alimwomba apanue mdomo karibu na dirisha, akaona kwamba meno yameanza kuwa kahawia na laini pale yanapokutana na fizi. Mate yakipungua, meno hukosa mlinzi, na sukari hufanya itakavyo.

Alimweleza kwamba kuna floraidi ya kupaka, nzito kama gundi, inayosaidia jino lililoanza kulainika likaze tena kabla halijatoboka. Mama akasema hayo ni mambo ya watoto wa chekechea. Meno yake yamemtumikia miaka sitini na minne bila kupakwa rangi. Wakavutana wiki tatu. Kilichomshinda mama si hoja, ni maji baridi: yalimchoma jino mpaka akaiacha kola ya mteja nusu. Kesho yake akatokea kliniki amevaa gauni la kutokea, akidai alikuwa anapita tu.

Binti akamlaza kitini, akamkausha meno kwa pamba, akaanza kupaka kwa brashi ndogo, jino moja baada ya jingine. Mama alitaka kusema kitu, akaambiwa asifunge mdomo kwanza. Hapo binti akatambua kwamba leo zamu ya kusema ni yake.

"Mama," alisema polepole, mkono ukiendelea na kazi, "mwaka ule nilipofeli, ulisema umechoka kushona peke yako, unataka niwe msaidizi wako. Hukuhitaji msaidizi. Ulinikinga na maneno ya watu mpaka nikarudia mtihani. Sijawahi kukushukuru."

Chozi la mama likateleza kuelekea sikioni. Binti akalifuta kwa kipande cha pamba, akamalizia magego.

"Hotuba kama hiyo," mama alisema alipoinuka, "ungesubiri niweze kujibu."

"Ndiyo maana sikusubiri."

Akamwagiza ale vitu laini siku hiyo na asipige mswaki hadi kesho. Baada ya hapo atumie dawa ya meno yenye floraidi, ateme povu bila kusukutua. Kuhusu peremende walibishana tena, ila safari hii mama alikubali kubadilisha na maji, akinung'unika.

Alirudi kila baada ya miezi mitatu. Mara ya tatu daktari aligusa zile sehemu zilizokuwa laini kwa kifaa chake, akakuta zimekaza, na hakuna jino lililohitaji kuzibwa wala kung'olewa. Binti alishusha pumzi kama aliyetua mzigo. Mama alimshika binti yake kidevu, akamgeuzia kwenye taa, akamwambia naye apanue mdomo, amkague.