Wageni wa Steshenari ya Adelgunda

Adelgunda ana steshenari Murongo, jirani na mpaka. Anatoa fotokopi, anapiga picha, anaingiza nyimbo kwenye simu za watu. Asubuhi moja aliweka kwenye kompyuta programu ya kugawana filamu bure: wewe unachukua za wenzako, wenzako wanachukua zako. Programu ikamuuliza agawe folda ipi. Akabonyeza "zote", akaenda kuinjika chai.

Aliporudi, ukuta wa nyuma haukuwepo. Watu asiowajua walikuwa wakiingia kwa utulivu, na kila walichobeba kilibaki palepale: filamu, kwaya, picha za wateja. Kwa kuwa hakuna kilichopungua, Adelgunda aliendelea na kazi. Novath wa bodaboda, aliyekuja kutoa fotokopi ya leseni, aliwaomba njia, wakampisha.

Kisha akaingia mwanamume mpana, ameshika picha ya mteja mmoja, Costansia, mbele ya kanisa la Kibingo. Costansia alikuwa amemkimbia mume huko Ngara, baada ya kuvunjwa mkono. Adelgunda ndiye aliyempiga picha ile.

"Shikamoo, mama. Huyu ni mke wangu. Kanisa hili liko wapi?"

"Marahaba. Ngoja kwanza, baba."

Akainama kama anayetafuta kitu, akang'oa modemu, akazima kompyuta. Ukuta ukarudi, na mwanamume akabaki upande wa pili. Aligonga kidogo, akaacha.

Adelgunda akapanda pikipiki ya Novath hadi Kibingo. Costansia alikuwa akimenya ndizi.

"Mumeo amekuja dukani kupitia ukutani. Hajui ni wapi, ila picha anayo. Nisamehe, mwanangu, nilifungua kila kitu."

"Na wengine?"

"Wanayo pia. Siwezi kuwanyang'anya."

Costansia aliweka kisu chini. "Kupitia ukutani!" akasema. Kisha akacheka, Adelgunda naye akacheka, hadi wakafuta machozi. Jioni hiyohiyo Novath akampeleka Costansia Mabira, kwa shangazi yake yeye Novath, Evangelina, na vyombo vyote vya Costansia vikatosha kwenye pikipiki.

Huko amepanda maharage, na mchana mlango anauacha wazi. Mumewe hajakamatwa. Inasemekana hutokea ukutani kwenye makanisa ya mbali, akiwaonyesha waumini ile picha. Watu wakimletea Costansia habari, huuliza, "Safari hii amefika wapi?" Wakishamtajia, hushukuru, akaendelea kupalilia.