Mteremko wa Mjomba Khoát

Mstari mwekundu niliuchora mimi mwenyewe. Nilipima njia ya waenda kwa miguu ya mtaa wetu hapa Hải Phòng, nyumba baada ya nyumba, na kila kilichovuka mstari kilivunjwa: meza za supu, mapaa ya mabati, na mteremko wa saruji wa Mjomba Khoát, anayeishi peke yake. Sasa watu wanapita vizuri na watoto wanaruka kamba. Yeye hukaa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, nusu mita juu yao.

"Mpimaji kaja," alisema jana asubuhi. "Haya, pima na hapa nilipokwama."

"Mjomba, nilipeleka ombi manispaa. Wamesema mteremko wa kudumu hauruhusiwi."

"Nawe ukasema ahsante?"

Nikamwonyesha ubao mzito niliokuja nao. Ningemteremsha asubuhi nikienda kazini na kumpandisha saa kumi na moja jioni. Katikati ya saa hizo, ubao haukuruhusiwa kubaki njiani.

"Na mvua ikinyesha? Na nikibanwa na haja?"

"Itabidi unisubiri, Mjomba."

Alitazama ng'ambo ya barabara, bustanini, ambako wazee wenzake walikuwa wakipanga kete za sataranji.

"Kwa hiyo nichague kufungiwa ndani au kufungiwa nje."

Alilegeza breki ya kiti.

"Weka ubao, basi. Na jioni usichelewe, wewe na utepe wako wa kupimia."