Waya Unaokula Joto

Mkasi ndilo jina ambalo wafanyakazi wa ghala la mafuta walimpa tajiri wao, naye alilijua na wala halikumuudhi. Alipunguza kila kilichopunguzika: taa za uani, sabuni ya kunawia mikono, hata salamu. Mwezi ule aliamua kuupunguza waya wa kipimajoto.

Kipimajoto chenyewe kilikuwa kipande cha chuma chenye umbo la kidole, kilichozamishwa kwa waya wake hadi karibu na kitako cha tangi kubwa la mawese. Kazi yake ilikuwa kuonja joto la mafuta na kulipelekea habari sanduku dogo la ukutani kwa njia ya mkondo wa umeme, mkondo hafifu kwa baridi na mkubwa zaidi kwa moto. Sanduku likisoma sitini, hita iliyofungwa ubavuni mwa tangi hujizima. Aliyevifunga vyote hivyo ni fundi umeme ambaye dada yake ameolewa na Mkasi.

Siku moja Mkasi alipapasa tangi upande wa juu, akasikia moto. Akatazama sanduku, akasoma namba ya chini mno. Papo hapo akahukumu kwamba waya ule mrefu unakula joto njiani. Akauvuta, akaukata, akaufunga upya kwa mikono yake. Namba ikapanda. Akafurahi, akakata tena, nayo ikapanda tena.

Kisha likaja lori la kiwanda cha sabuni, mnunuzi wao wa pekee. Bomba la chini lilipofunguliwa, likakoroma, likatema bonge zito kama nta, likanyamaza. Dereva akaegemea tairi.

"Mimi nimeambiwa nisirudi na lori tupu," alisema. "Jua likikaribia kuzama naenda ghala la pili. Na nawajua mabosi zangu, wakizoea kule, huku hawarudi."

Mke wa Mkasi, aliyeshika mauzo yote ya ghala, akampigia simu kaka yake fundi. Fundi alifika na mfuko wake begani, akalitupia jicho sanduku la ukutani na waya uliofupishwa, akaelewa.

"Shemeji, nani kakata waya?"

"Mimi. Na namba imepanda, au huoni?"

"Imepanda kwa sababu umekivuta kipimo juu kwenye moto. Huku chini kumeganda, na hita imejizima ikidhani kazi imekwisha."

"Chai ikitoka jikoni mpaka sebuleni inapoa. Sembuse joto linalopita kwenye uzi mwembamba namna hii?"

"Joto halipiti humo, shemeji. Unapita umeme. Mkondo unaoingia huku ndio unaotokea kule, waya uwe wa shibiri moja au wa kuzunguka mtaa mzima."

"Ndivyo mnavyosema mafundi mkitaka kutuuzia waya."

Fundi akatoa mfukoni robota jipya la waya uliokunjwa, akaliunga lote baina ya tangi na sanduku, akasogea pembeni. Namba haikutikisika.

"Haya, tazama. Robota zima. Kimeliwa nini?"

Mkasi akaliinamia lile robota pale sakafuni, akalichunguza kama mtu anayenunua mbuzi. "Huu umekaa nje. Haujaonja mafuta, sasa utakula saa ngapi?"

Dereva akaangua kicheko. Fundi hakucheka.

"Kaka, usibishane naye," dada yake alimnong'oneza. "Teremsha kipimo. Jua linakwenda."

Fundi akapanda ngazi, akautumbukiza waya polepole hadi kipimo kikazama katika uji mzito wa chini. Sandukuni namba ikaanza kuporomoka: hamsini, arubaini, thelathini. Swichi ya hita ikalia, taa yake ikawaka.

"Si nilisema?" Mkasi akapiga makofi. "Umeshaanza kula." Na mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na koleo.

Mkewe akasimama mbele ya sanduku. "Baba watoto, subiri."

"Nasubiri nini? Basi kaka yako akiri hapa mbele ya dereva kwamba waya unakula joto, nami siugusi tena. Neno moja tu."

Wote wakatazama juu. Neno lile lilikuwa jepesi, na riziki ya dada yake ilikuwa nyuma yake. Lakini fundi alikuwa mtu asiyeuzoeza ulimi wake uongo. Akashuka ngazi taratibu, akapata muda wa kuyapima maneno.

"Shemeji, waya huu ukiukata, mafuta yataganda."

Mkasi akatafakari. "Yaani ukishiba ndiyo hita inawaka."

"Ukifika chini ndiyo hita inawaka."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Unazunguka, mara mkondo, mara mtaa." Akarudisha koleo mfukoni.

Jua likiwa limekwisha kuwa jekundu, bomba lilikoroma tena, safari hii likatiririsha mafuta. Lori lilipokuwa likijaa, Mkasi alimfafanulia dereva namna waya unavyolishwa, na dereva akaitikia kwa heshima zote. Fundi akafungua kinywa. Dada yake akamtazama. Akakifunga.

"Nipatie kufuli," alimwambia dada yake kwa sauti ya chini.

"La nini tena?"

"La sanduku. Kesho ataamka na elimu nyingine."