Mdai Aonyeshe Mali

...na kumbe mkono wenyewe ndio mzito, gari lipo pale, Canter nyeupe, imesheheni karoti za kuteremka Mombo na haina pa kwenda kwa sababu dalali wa mahakama ameegesha pikipiki yake mbele ya bampa, tatizo ni huu mkono wa Secilia, umegoma, umening'inia ubavuni kama wa kuazima, na dalali Rajabu anarudia kwa sauti ya mtu asiye na haraka, mama, hati ya kukamata ninayo, lakini mdai ndiye anayeonyesha mali, onyesha tu... onyesha tu, kama vile anaulizwa njia ya zahanati, Rajabu ametoka Tanga mjini, atajuaje kwamba huyu aliyesimama barazani pa duka lake, kofia mkononi, ni mzee Kornelio, mzee wa kanisa, aliyesoma darasa moja na marehemu baba, aliyebeba jeneza la baba upande wa kichwa, atajuaje kwamba hapa Soni mtoto hamnyooshei mzee kidole, anamsalimia kwanza, kisha anasubiri kuulizwa shida yake, na Kornelio analijua hilo vizuri mno, ndiyo maana anatabasamu, anasema, Secilia mwanangu, umeniletea wageni, hata salamu hakuna... sauti ile ile, miaka miwili sauti hiyo imemmaliza, shehena nzima ya kabichi aliipakia kwenye gari hili hili, kabichi za bondeni, ngumu, mbili tu zinakushinda kubeba, akaambiwa subiri niuze, akasubiri, na kila alipokwenda kudai ilikuwa shikamoo baba, marahaba mwanangu, kaa, mama Glory mletee chai, na ukishakunywa chai ya mzee mdomo wa kudai utautoa wapi, anakuuliza hali ya mama yako, anaomba sala, anakufungia ndizi, unakuja kushtuka uko njiani na ndizi zako, shilingi huna, mara tisa, alizihesabu, na mara zote tisa aliondoka ameshukuru, amemshukuru anayemdhulumu, jamani... gari hili si langu, Kornelio anasema, ni la kijana wangu, na dalali, bila kuinua macho, kadi ina jina lako mzee, mahakama imeshaiona... mahakama, ndiyo, asingefika huko kama si Shamsa mwenye lile shamba la bondeni analokodi, Shamsa hakumzungusha, alisema mwisho wa mwezi atakayeleta kodi ndiye atakayelima, uwe wewe, awe mwingine, na Secilia bila bonde lile ni nani, kule maji yanapita mguuni pako mwaka mzima, bila bonde lile atakuwa kibarua wa kufunga magunia ya wenzake, basi akapanda Lushoto, na mama hakimu akamuuliza, unadai nini, ikabidi aseme kwa sauti, mbele ya watu, milioni mbili na laki nane, na ukuta haukuanguka, Kornelio mwenyewe hakutokea, wala mara ya pili, hukumu ikatoka, akapewa siku kumi na nne za kulipa, na siku ya kumi na tatu akamtumia Secilia mkungu wa ndizi...

...mama, jua linakwenda, anasema Rajabu, na wauza mboga kote barabarani wameinamia mafungu yao, hata wanaomdai mzee huyo huyo, hao ndio wameinama zaidi, na ndani ya duka vikombe vimeanza kugongana, mkewe mama Glory yuko jikoni, chai inakuja, ya kumi, akisalimia chai itamfika mkononi na kila kitu kitaisha, asiposalimia, kabla ya jioni mama yake ataambiwa umezaa mtoto asiye na adabu, na watakuwa wamesema kweli, hapo ndipo mzee alipomfunga, miaka miwili, kwenye salamu... lakini nani alisema ni lazima kuchagua, mdomo ulifunzwa na baba, usalimie, mkono ndio uliokata kabichi, na mkono haujawahi kumkosea mzee yeyote, goti linakunjika kidogo lenyewe, kama alivyofunzwa, shikamoo baba, anasema, kwa heshima yote aliyonayo, na mkono unapanda, unanyooka, kidole hicho kwenye Canter nyeupe, ni hili hapa, na marahaba inamtoka Kornelio kabla hajaizuia, marahaba mwanangu, umri wote ameizoea, ameitikia, wamesikia wote, adabu imetimia na gari limeonyeshwa, na Secilia furaha inampanda kutoka miguuni, angeweza kucheka, si kumcheka mtu, Rajabu anaandika namba za gari, karoti mzishushe, anasema, hati haijataja karoti, ukilipa mzee gari lako utalichukua hata leo, usipolipa ni mnada, na Kornelio amevaa kofia, amevua, anaita kijana wake alete simu, mama Glory anatoka na kikombe kinafuka moshi, anasimama katikati hajui ampe nani, asante mama, leo sinywi, anasema Secilia, taratibu, na bonde analiona, kabichi changa mistari kwa mistari, mama, nimeshaona, dalali anasema, shusha mkono sasa, na Secilia anamsikia, lakini mkono umekuwa mwepesi kweli, bado kidogo, atauweka hapo hapo bado kidogo.