Pigo Moja Nyuma

Mume wangu aliporudi kutoka hospitali na kuniambia masikio yake yamechoka, nilimpa pole ya mdomoni tu. Moyoni nilisema, haya, leo kapata njia. Mtu ambaye miaka yote ya ndoa yetu hakupenda kusikia habari za dada yangu, za dari linalovuja wala za kuacha sigara, sasa ana daktari wa kumtetea. Akaongeza kwamba sikio la kushoto ndilo limekwisha, la kulia bado linajikongoja. Nikaona hata uongo wenyewe ameupima.

Msinione mkatili. Mimi napiga pasi kwenye duka la dobi, na ukishinda na nguo za watu, mifuko yao inakufundisha kutowaamini. Isitoshe, nilikuwa na ushahidi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Baba Pacha, kama ninavyomwita mume wangu, huyo huyo asiyesikia nikimwita kutoka jikoni, alikuwa anajilaza kwenye kochi, anavaa hedifoni zake kubwa, anafumba macho na kusikiliza albamu yake. Mkono wa kulia unapiga ngoma gotini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa niambieni, kiziwi gani huyo?

Hiyo albamu naijua kuliko ninavyotaka. Ni hevi meto, roki ile nzito ya magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayepiga kelele utadhani kabanwa vidole na mlango. Jalada lake ni jeusi, lina tanuri linalowaka. Alikuwa nayo kabla hajanioa, kwanza kwenye kaseti, baadaye kwenye sidii. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao alinikalisha akanisikilizisha yote, wimbo kwa wimbo, akinieleza kila jambo kabla halijatokea. Sasa gitaa linaingia peke yake, ngoja, umesikia? Nilisikia, nikajua huyu ana mashetani. Ila uso wake ulivyokuwa unang'aa, wiki iliyofuata nilirudi.

Yeye ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na kwake mpiga ngoma wa albamu ile ni fundi mwenzake. Alikuwa akisema yule hapigi kwa nguvu, anajua tu chuma kinakubali wapi. Na mwimbaji hapigi kelele, analia, ila hakufundishwa kulia kwa sauti ndogo. Kuna wimbo ambao katikati yake kila kitu kinakatika ghafla, unadhani umeme umekwenda, halafu ngoma zinarudi taratibu. Aliniambia kimya kile ndicho wimbo wenyewe, hayo mengine ni fremu. Nilimwambia basi akanunue kimya, ni bei rahisi.

Mwaka huu mambo yalizidi. Kila ulichomwambia alijibu "sawa". Dari linavuja, sawa. Chumvi imekwisha, sawa. Asubuhi moja, akiwa ameinama anafunga viatu, nilimwambia kwa utaratibu kabisa kwamba nimepata bwana mwingine na tunahamia mbali. Akainua uso, akaniona nimesimama pale, akasema sawa, akaenda kazini.

Halafu akaanza kukodolea watu midomo. Dada yangu mkubwa alipokuja kututembelea, Baba Pacha alimtazama mdomo mchana kutwa hadi nikaona haya. Dada akicheka, naye anacheka, akichelewa kidogo. Dada alinivuta jikoni akaniambia mume wangu anasikia vizuri sana, ila amenichoka, na mwanaume akikuchoka masikio ndiyo yanayotangulia kuondoka. Yalinichoma kwa sababu nilikuwa nimeshayawaza. Hofu yangu ilikuwa hiyo hasa: si kwamba hasikii, ni kwamba hataki kunisikia mimi.

Tukakubaliana na dada. Nikimkamata anadanganya, nahamia kwake. Nilipanga nguo zangu kwenye begi, nikalisukuma chini ya kitanda.

Jumapili ikafika. Nilimwacha ajilaze, nikaufuata mkono wake gotini mpaka nikajua tuko wimbo wa pili, ule wa mbio. Nikavua ndala, nikapita nyuma ya kochi ilipo redio, nikachomoa waya wa hedifoni. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Muziki ukikatika masikioni na yeye akafumbua macho, nimemshika.

Nilisahau kitu kimoja. Redio yetu ukichomoa waya, sauti inahamia kwenye spika. Gitaa lililipuka sebuleni mpaka vioo vya kabati vikalia, jirani akagonga ukuta. Niliganda na waya mkononi, nikimtazama.

Hakutikisika. Macho yamefumbwa, uso umetulia, mkono unaendelea kupiga goti. Wazo langu la kwanza lilikuwa baya kuliko yote: ameniona, anaigiza. Nikainama karibu naye nimvizie, jicho likicheza tu nimemaliza kazi. Ndipo nikausikia ule mkono. Spika zilipiga, halafu yeye akapiga. Zikapiga, akapiga. Alikuwa nyuma ya ngoma kwa pigo moja, na hakujirekebisha. Mtu anayeipenda albamu hii namna hiyo, kama angekuwa anaisikia, asingevumilia pigo hilo moja. Hata mimi lilinikera.

Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anakumbuka.

Sikio la kulia nalo lilikuwa limekwisha, sijui tangu lini, na midomo ile yote aliyokuwa anaikodolea alikuwa anajaribu kuisoma. Nilikaa kwenye ukingo wa kochi, nikamgusa bega. Alifumbua macho, akaniona, akauona na waya mkononi mwangu, uso wake ukawa wa mtu aliyefumaniwa. Nikamuuliza polepole, nimemwelekea, kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani ukijua," alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, "utaacha kunisemesha."

Nililia pale pale, wala sikujificha. Alinipangusa kwa kiganja chake kigumu, akaitazama redio, akaona taa yake bado inawaka.

"Imefika wapi?" akaniuliza.

Nikamshika mkono, nikasubiri ngoma, nikaupiga gotini mwake kwa wakati wake. Nikaupiga tena. Alifumba macho akaacha niuongoze, tukaenda hivyo hivyo mpaka wimbo ukafika mwisho. Nikamwambia umekwisha.

Alifumbua macho akanitazama mdomo. Hakuwa ameelewa, na safari hii hakusema sawa.

"Umesemaje?"

Nikarudia.